Breki ya Mbele na Kuku wa Ukweni

Nyumbani kwetu Mayoni kulikuwa na kisa kimoja ambacho kila mgeni alikisikia kabla hata chai haijaiva. Kilihusu siku baba alipomwangusha mama kutoka kwenye baiskeli. Msimulizi alikuwa baba mwenyewe, na kwa kuwa kila mwaka alikitia chumvi kidogo, sisi watoto tulikaa kumsikiliza ili tujue safari hii ameongeza nini.

Walikuwa wameoana majuzi tu. Mama anatoka Matete, baba ni wa Mayoni, na siku hiyo bwana harusi alikuwa akimpeleka mkewe kwao kusalimia wazee. Kwetu mtu haendi ukweni mikono mitupu. Anaenda na ingokho, tena kuku aliyenona, ambaye wakwe wakimpima kwa mkono hawatatazamana. Nyanya alichagua jogoo mwekundu, akamfunga miguu, na mama akampakata akiwa amekaa nyuma ya baiskeli. Wakafika kwenye mteremko unaopita katikati ya mashamba ya miwa. Barabara ilikuwa changarawe tupu. Baba, aliyetaka mke mpya ajue ameolewa na mwanamume wa aina gani, hakupunguza mwendo. Chini kabisa mbuzi akaingia barabarani, na baba akaibana breki ya mbele kwa nguvu zake zote za ujana.

"Baiskeli ikasimama," baba alikuwa akisema, na hapo naye husimama, mikono imeshika usukani usioonekana. "Baiskeli ikasimama, lakini sisi tulikuwa bado na safari."

Yeye alitua mtaroni. Mama alitua kidevu kikiwa kimetangulia. Jogoo hakutua kabisa; kamba ilikatika akaingia ndani ya miwa, na baba akamfuata. Hapo ndipo sisi tulipokuwa tukishika mbavu: baba na suti yake ya harusi, anatambaa kati ya miwa akiita "kuru, kuru, kuru," majani yanamkwaruza masikio, mpaka anatokea upande wa pili wa shamba akiwa na unyoya mmoja mkononi. Huo unyoya ndio alioufikisha Matete. Mama alikuwa ameshapanda basi, kidevu kimefungwa kitambaa, akafika kwao mchana. Baba alifika jioni peke yake kwa baiskeli iliyopinda, akawakabidhi wakwe unyoya, wapate kuamini kwamba kuku alikuwapo.

Tangu siku hiyo, baba akikanyaga Matete, shemeji zake hawamwulizi habari za mvua wala za mahindi. Wanamwuliza, "Kuku yuko wapi?" Kisha wanacheka mpaka wanapigana mabega.

Mama hakuwahi kukaa mpaka mwisho wa kisa hicho. Tulipofika kwenye miwa alikuwa ameshainuka kwenda kuangalia mboga jikoni. Nilidhani amekichoka tu, maana hata wimbo mzuri ukiimbwa kila siku unachosha.

Mambo mawili yalitokana na ajali hiyo. La kwanza, baba aliing'oa breki ya mbele ya baiskeli yake, na kila baiskeli aliyoimiliki baadaye ilinyang'anywa breki hiyo siku ile ile ilipotoka dukani. Kazi yake ilikuwa kupima mashamba ya wakulima wa miwa, kwa hiyo alizunguka Matungu nzima kwa breki ya nyuma peke yake, na akiona kijana amefunga breki zote mbili anamsimamisha kumhubiria. "Ya mbele ni ya kuzika watu," alikuwa akisema. La pili, mama alikata shauri kwamba hatapanda tena kitu chochote chenye magurudumu ambacho baba anakiendesha. Hakupiga kelele wala kuapa. Alikataa tu, mwaka baada ya mwaka. Jumapili baba alikwenda kanisani kwa baiskeli, mama kwa miguu, wakakutana mlangoni wakaingia pamoja. Wakienda Matete mama alichukua gari la abiria, na baba akafuata kwa njia yake. Sisi tulikua tukiona hivyo, tukadhani ndivyo ndoa zote zinavyosafiri.

Kisha baba akastaafu, akanunua gari.

Lilikuwa gari la zamani, refu la pua, rangi ya maziwa yaliyoungua. Baba alijifunza kuendesha akiwa na mvi, akapewa leseni, na tangu hapo akawa analiosha kila asubuhi hata kama halikutoka. Mama alilitazama akaona kwamba boneti yake ni pana na inapata jua, akawa anaanika maharagwe juu yake. Hiyo ndiyo kazi pekee aliyolipatia gari. Baba alipomwambia waende hata sokoni tu, jibu lilikuwa, "Wewe tangulia."

Nilikwenda kuwaona mwezi mmoja hivi baadaye, nikamkuta baba amekaa ndani ya gari, mlango wazi, miguu nje. Mimi ni mtu wa hasira za karibu na maneno mengi, lakini siku hiyo nilinyamaza, kwa sababu nilimwona ana huzuni ya kweli.

"Msichana wangu," aliniambia, "mimi sikununua hii kitu nikuwe mtu wa gari. Nataka siku moja nifike Matete na mama yako amekaa hapa kando yangu. Watoke nje wote watuone. Hiyo tu. Halafu hata wakitaka gari wachukue."

Nilimhurumia sana. Nikamwambia asubiri, mama atalegea.

Haikupita muda mrefu. Mjomba wangu mkubwa alimaliza kujenga nyumba Matete, akatualika sote Jumamosi kwenda kuibariki. Jumatano baba akanipigia simu, sauti imepanda juu ya paa.

"Amekubali! Mama yako amekubali! Jumamosi tunakupitia hapo Lurambi, tunaenda na wewe!"

"Ulimwambia nini?" nikauliza.

"Sikumwambia. Nilimwonyesha. Nimetoa breki ya mbele."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Hakucheka. Alinieleza polepole, akifurahia kila neno, jinsi alivyoamka usiku na kufahamu kosa lake liko wapi. Mama alikuwa anaogopa breki ya mbele, na yeye amekwenda kununua gari lenye breki ya mbele! Nani hapo angepanda? Basi akalipeleka kwa fundi wa sokoni, aliyekuwa ametengeneza baiskeli maisha yake yote na kuingia kwenye magari juzi tu. "Alinielewa mara moja," baba alisema, na hilo nililiamini. Wawili hao walikubaliana kwamba breki ya mbele ni hatari, fundi akaikunja na kuiziba mirija inayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu ya mbele, na kazi yote ikaachiwa ya nyuma. Baba alipofika nyumbani alimwita mama, akachuchumaa karibu na gurudumu, akamwonyesha. "Sasa haiwezi kutupindua," alimwambia. "Nimekutolea."

Mama alilitazama gurudumu. Kisha akamtazama yeye, muda mrefu kwa jinsi baba alivyonieleza, halafu akasema, "Sawa. Tutaenda."

Mimi siendeshi gari. Wakati huo nilijua jambo moja tu juu ya breki: dereva akikanyaga, gari husimama. Kwamba kuna za mbele na za nyuma, na kwamba zina tabia tofauti, sikuwahi kuwaza, na kwa hiyo nilimpongeza baba. Nilimwambia amefanya vizuri. Alifurahi sana, akasema kesho atakuja Lurambi kunionyesha.

Alikuja. Nilikuwa nimesimama langoni, nikamwona anakata kona, uso umejaa tabasamu, mkono mmoja tayari unanipungia. Gari likapita lango. Likanipita na mimi. Baba alikuwa bado anatabasamu, lakini sasa tabasamu lilikuwa limeganda, na magurudumu ya nyuma yalikuwa yanalia na kuteleza huku mkia wa gari ukienda upande wake bila kumwuliza. Lilisimama ndani ya migomba ya jirani. Jani moja likaanguka taratibu juu ya kioo.

"Inasimamanga," baba alisema alipotoka. "Inataka tu uiambie mapema."

Nilimgombeza hapo hapo, langoni, mbele ya watu. Alikuwa angali akijitetea wakati fundi mwenye gereji ya ng'ambo ya barabara alipovuka kuja kutazama. Huyu ni mwanamke wa makamo, mpana, mwenye sauti inayofika mjini bila simu, na hakuna gari analolipita bila kulisemea neno. Anajisifu kwamba hajawahi kushindwa na gari lolote, na ukimbishia anakuitia mashahidi. Alichungulia chini ya gari, akainuka, akamtazama baba.

"Mzee, nani amefunga breki ya mbele ya hii gari?"

"Mimi ndio niliagiza," baba alisema kwa heshima yake yote.

"Kwa nini?"

Na baba, aliyepata msikilizaji mpya, akamsimulia kisa cha baiskeli kutoka mwanzo mpaka unyoya. Fundi huyo alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa chenye grisi. Kisha akasema, "Kuja. Wewe pia, dada. Na mtu alete chai."

Nilidhani chai ni ya kunywa. Alimkalisha baba mbele kwenye gari lake la kubebea mizigo, akampa kikombe kimejaa, akaniweka mimi nyuma, tukaenda kwenye uwanja mtupu nyuma ya gereji.

"Shika hiyo chai vizuri, mzee, na usiniangalie mimi. Iangalie yenyewe."

Akaongeza mwendo kidogo, akakanyaga breki. Pua ya gari ikainama. Chai ikaondoka kikombeni kwenda mbele, ikamwagikia baba magotini, na baba akatoa neno ambalo sikujua analijua.

"Umeona iliendea wapi?" fundi aliuliza.

"Imeniendea mimi!"

"Iliendea mbele. Hata wewe uliendea mbele, hata huyu dada, na hii gari yenyewe pia. Ukikanyaga breki, uzito wote unaendanga mbele. Tairi za mbele zinakanyaga chini kwa nguvu, za nyuma zinabaki nyepesi. Sasa niambie, kama unataka kuzuia fahali, utapatia kazi mtu mzito ama mtu mwepesi?"

Baba alikuwa anapepea suruali.

Tulirudi gereji akavua gurudumu moja la mbele na moja la nyuma, akatuonyesha. Mbele kulikuwa na diski, sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, na vipande viwili vya kuibana, kimoja huku, kimoja kule, sawa na mtu anavyokamata chapati moto kwa vidole viwili. Iko wazi, inapigwa na upepo, kwa hiyo hata ikipata joto inapoa upesi. Nyuma kulikuwa na dramu, iliyofungwa kama sufuria yenye kifuniko, na ndani yake vipande viwili vilivyopinda ambavyo hutanuka na kusukuma kuta. Ya mbele, alisema, ndiyo mwenye nyumba, inafanya sehemu kubwa ya kazi. Ya nyuma ni msaidizi. Inaliweka gari lisiyumbe, na likiegeshwa ndiyo inayolishikilia kwa ile breki ya mkono.

"Sasa wewe umefukuza mwenye nyumba," alimwambia baba, "ukaachia msaidizi boma yote. Ukikanyaga kwa nguvu, hizi za nyuma ni nyepesi, zinajifunga haraka, zinateleza, na mkia unataka kupita kichwa."

"Lakini baiskeli ilitutupa," baba alisema. Alikaa ngumu. Miaka yote ile ya kuwahubiria vijana isingeisha kwa kikombe cha chai.

"Baiskeli ni fupi, na wewe umekaa juu yake kama mtu ako kwa paa. Tena ulikuwa unashuka mlima, kwa changarawe, na ukashika yote mara moja. Gari ni ndefu, imelala chini. Haiwezi kupiga sarakasi. Na nikuambie kitu kingine, hata kwa baiskeli, ya mbele ndio inasimamishanga vizuri. Inataka tu mtu ashike polepole."

Baba alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba yule shetani aliyemwogopa tangu utotoni ni shemasi wa kanisa la jirani. Fundi hakumwachia hapo. Alimpandisha katika gari lake mwenyewe, lile la breki za nyuma tu, wakaenda uwanjani kwenye nyasi zilizolowa. Mimi nilibaki pembeni. Niliona gari likienda vizuri, kisha likakata kona kidogo, fundi akakanyaga, na mkia ukazunguka kwa utulivu kabisa mpaka gari likasimama likitazama lilikotoka. Mlango ukafunguliwa. Baba akashuka, akalishika paa kwanza.

"Imenirudisha nyumbani," alisema kwa sauti ndogo.

Mchana ule ule mirija ikafunguliwa. Baba alikaa ndani kukanyaga wakati fundi analala chini kutoa hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki. "Kanyaga! Achilia! Kanyaga, mzee, usiibembeleze!" Vipovu vilitoka, kisha vikaisha, na baba akasema anasikia pedali imekuwa ngumu chini ya mguu. Nilimwona anatabasamu kidogo bila kutaka. Halafu tabasamu likamtoka ghafla, akageuka kunitazama mimi.

"Sasa mama yako nitamwambia nini?"

Hapo nami nilipoa. Mama amekubali kupanda kwa sababu breki ya mbele imetolewa. Sasa imerudi. Akiambiwa, baba ataiona Matete peke yake, na kile kiti cha kando kitabaki cha kuwekea magazeti. Nilimwambia asiseme uongo. Alisema hatasema uongo, hatasema chochote. Nilimwambia huko kunyamaza ni ndugu wa uongo. Akaniomba, baba yangu mzima ananiomba mimi, nimwache afike Matete mara moja tu, kisha atasema yote wakiwa wamekaa mezani na obusuma, ugali wetu, iko mbele yao, mahali mtu hawezi kuinuka akaenda. Nilikasirika, lakini sikuwa na moyo wa kumnyima.

Jumamosi asubuhi wakafika Lurambi. Safari hii gari lilisimama mbele ya lango, mahali gari linapopaswa kusimama, na mama alikuwa amekaa mbele, kitambaa kipya kichwani, mkanda umefungwa, mikono juu ya mkoba, anatazama mbele kwa uso wa mtu anayesubiri sindano. Nikakaa nyuma. Nikapewa kuku. Alikuwa jogoo mwekundu, bila shaka. Baba alimtafuta kwa siku nzima mpaka akapata anayefanana na yule. Mama mwenyewe ndiye aliyemfunga miguu.

Baba aliendesha kwa adabu. Kila tuta alilipigia hodi. Mama hakusema neno mpaka tulipoiacha Lurambi nyuma kabisa, kisha akauliza, "Hiyo nyumba ya kaka ina mabati ya rangi gani?" na baba akajibu kwa kirefu sana, swali ambalo lingetosha neno moja. Jogoo alikuwa ananuka. Nilifungua dirisha.

Karibu na Malava kuna mahali barabara inashuka. Baba alikuwa ameachilia gari liende kidogo, nami nikaona mgongo wake umelegea kwa furaha. Ghafla, kutoka njia ya pembeni, fahali akatokea. Alikuwa fahali wa kupigana, anapelekwa uwanjani, mweusi, pembe zimechongwa, na nyuma yake umati wa vijana wenye filimbi na matawi wanaokimbia na kuimba. Alifika katikati ya lami akaona gari letu. Akasimama. Fahali wa namna hiyo huwa hafundishwi kupisha.

Baba akakanyaga.

Pua ikainama. Sote tukaenda mbele kwa pamoja, kama chai. Mimi nilijigonga kwenye kiti cha mama na mikono yangu ikaachia kilichokuwamo. Gari halikuyumba, mkia haukwenda popote. Lilisimama limenyooka ndani ya njia yake, injini ikazima, na fahali akatutazama kwa karibu, akapumua juu ya boneti iliyooshwa, akaondoka na watu wake.

Wakati huo huo jogoo alikuwa amepanda bega langu, kisha kichwa changu, kisha dirisha. Niliona mkia wake mwekundu ukiingia ndani ya mahindi.

"Baba, kuku!" nikapiga kelele. "Kuku ameruka!"

Baba hakunigeukia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umemzuia mama kifuani, umenyooka. Ulikuwa umefika hapo kabla gari halijasimama. Nadhani ulifika hapo kabla hata ya mguu kufika kwenye breki. Alikuwa amemgeukia mama kabisa.

"Umeumia?" alimwuliza. "Umeumia mahali?"

"Baba, ameingia kwa mahindi, bado namwona!"

"Wacha aende," baba alisema. "Mama. Umeumia?"

Mama akauliza, macho yakiwa barabarani, "Breki ya mbele iko?"

Baba aliutoa mkono wake polepole.

"Iko. Niliirudisha. Nilikuficha, nikajua ukisikia hutapanda. Lakini ile ya nyuma peke yake ilikuwa itatuua, mama. Niliambiwa, na nikaona. Kama unataka kushuka, mimi nitakutafutia gari."

"Mimi nilikwambia lini naogopa breki?"

Baba aliushika usukani tena.

"Siku ile," mama alisema, "nilianguka kwa barabara, damu inatoka kwa kidevu, nikainua kichwa nikuone. Na wewe ulikuwa unakimbia. Nikasema anakuja. Ukanipita. Ukafuata kuku." Hakuwa amepandisha sauti hata kidogo. "Nilikaa pale mpaka mama mmoja alikuwa anatoka kupalilia akanifunga na kitambaa yake. Halafu unaambianga wageni, wanacheka."

Nilikumbuka kisa chote, suti, miwa, "kuru, kuru," na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikauliza moyoni mama alikuwa wapi wakati ule. Nilisikia aibu, na uchungu, nikataka kumshika bega lakini sikuthubutu.

"Kwa nini hukusema?" baba aliuliza.

"Kitu kama hiyo mtu anasemanga? Nilingoja ufikirie. Nikasema atafikiria, atakumbuka. Wewe ukafikiria breki." Akaguna, na kwa mshangao wangu nikaona pembe ya mdomo wake inacheza. "Kila baiskeli, breki. Halafu juzi unaniita, umechuchumaa na magoti yako hayo mabovu, unanionyesha umetoa breki hata ya gari. Nikasema huyu mzee ataharibu magari yote ya Matungu na bado hatajua. Heri nipande tu."

Baba alilaza paji la uso kwenye usukani. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, na nadhani alikuwa analia, lakini alipoinua uso alikuwa anacheka pia, na machozi hayakujua yafuate lipi. "Nisamehe," alisema. "Nilikuwa mjinga. Nilifuata kuku."

"Ulifuata," mama alisema. "Sasa washa gari, watu wanatungoja."

Niliokota kamba iliyobaki miguuni pangu. Mama anafunga magunia ya mahindi kwa fundo ambalo hulifungui bila kisu. Fundo la kamba hii lingefunguliwa na mtoto wa chekechea. Nilimtazama kisogoni, nikaamua kutouliza.

Matete walikuwa langoni wote, maana gari la baba lilikuwa limetangazwa mapema. Walipomwona mama kwenye kiti cha mbele, wake za wajomba zangu walipiga vigelegele ambavyo nyumba mpya haikupata. Baba alizunguka akamfungulia mlango. Mjomba mkubwa alikuja mbele, akamsalimia dada yake, kisha akajishika kiuno akamgeukia baba, na ndugu zake wakasogea, kwa sababu walijua kinachofuata.

"Shemeji. Kuku yuko wapi?"

"Ameruka," baba alisema. "Hapo Malava. Ameingia kwa mahindi."

Walicheka mpaka mmoja akalazimika kushika ua. Mjomba alingoja watulie, akanyoosha kiganja. "Basi lete unyoya."

"Safari hii hata unyoya sina."

"Haiwezekani! Kwani hukumfuata?"

Baba alitazama chini. Mama ndiye aliyejibu, mkono wake mmoja ukiwa bado juu ya mlango wa gari.

"Hakumfuata," alisema, kisha akapaza sauti ili hata waliokuwa jikoni wasikie. "Nimesema hakumfuata."